Kabati la Vitabu Temeke

Mdogo wangu Rehema,

Marahaba, najua umeniamkia moyoni. Temeke joto, ila sie wazima. Nilimwahidi mwanangu hadithi, nikambeba hadi chumba cha kusomea cha Waafrika. Vitabu vimefungiwa kabatini, wanaume wanacheza dhumna. "Ufunguo anao karani, kaenda likizo," wakasema. "Mama, kasome moto jikoni!"

Nje nikanunua karanga. Zilifungwa kwa ukurasa wenye muhuri wa chumba kile kile. Kumbe kabati hufunguka, ila si kwa msomaji. Ulikuwa na hadithi ya fisi, nikamsomea mtoto mpaka ukurasa ukaisha. "Halafu fisi akafanyaje?" akauliza. Akalia njia nzima.

Rehema, vitabu vya marehemu baba usivifungie karanga zako za kuuza, hata karatasi ikikosekana. Tukirudi, huyu mwanangu, ambaye ni mwanao pia, atakuja kuvidai. Kaa salama, mama mdogo wake.

Dada yako,
Zuhura