Mwalimu Secilia, Uliyewaandikia Wazazi: "Mtoto Wako Hana Kosa"

Mwaka umetimia, Mama Esta, tangu asubuhi ile ya ukungu ulipotutoka. Mlango wa jikoni bado tunaufungua taratibu, kama vile umekaa pale ndani unasahihisha madaftari huku maharage yakichemka.

Ulifundisha hesabu miaka kumi na tisa katika sekondari yetu ya kata. Vumbi la chaki lilikuwa kwenye sweta, kwenye mkoba, hata kwenye kitabu chako cha nyimbo za kanisani. Ukikutana na mzee njiani anashusha kabichi, wewe ndiye uliyeanza shikamoo, kisha ukamuulizia mtoto wake kwa jina.

Tunaikumbuka siku uliyorudi kutoka mkutano wa wazazi. Wanafunzi walikuwa zaidi ya mia mbili, wazazi waliofika kumi na wanne. Wenzako walisema watu wa huku milimani hawajali elimu. Hukubishana nao. Uliiweka mezani barua ya shule, ukaisoma mara tatu: "Mzazi, unaitwa shuleni bila kukosa."

Kosa la barua ile ulilionyeshwa na Mzee Twaha. Alikuja shuleni kesho yake na fimbo mbichi ya mforosadi, binti yake Hidaya akimfuata nyuma. Kijiji kizima kilijua kwamba akimaliza kidato cha pili, Hidaya atapelekwa Tanga kwa shangazi yake kufanya kazi za ndani.

"Amekosa nini, mwalimu? Nimalizane naye hapa hapa."

"Shikamoo, baba. Hajakosa. Amekuwa wa kwanza kwenye hesabu, nilitaka uone."

Mzee akaitazama ile fimbo kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Sasa hii niiweke wapi?"

Ulicheka mpaka na yeye akacheka. Ukamtolea kiti, ukampa daftari. Kusoma kulimpa shida, lakini alama za vema alizijua, akazifuata kwa kidole ukurasa baada ya ukurasa. Alipoinuka alisema tu, "Shangazi yake atatafuta mwingine."

Tangu siku hiyo kila barua uliianza hivi: "Mtoto wako hana kosa. Karibu uone anachokifanya." Mkutano ukauondoa kwenye siku ya gulio, maana akina mama walikuwa sokoni na mboga zao. Wasiojua kusoma uliwafuata majumbani, ukazungumza nao Kishambaa, ukanywa chai yao bila haraka. Watu wakaja mpaka viti vikapungua, na vyetu vikawa vinakwenda shuleni na kurudi na matope. Baba Esta alinung'unika, lakini alivibeba.

Si wote uliofanikiwa kuwabakiza shuleni. Walioondoka uliwataja kwenye sala, mmoja mmoja. Hidaya alibaki. Leo naye yuko chuo cha ualimu.

Mwezi uliopita mwanao Alen alirudi na barua kutoka shuleni. Baba Esta hakuwahi kuhudhuria mkutano hata mmoja. Alizoea kusema, mwalimu ninaye ndani, niende kusikia nini? Safari hii alisoma mstari wa kwanza, akakuta maneno ni yale yale yako. Akavaa koti la kanisani, akabeba kiti kimoja, akaenda.

Mzee Twaha, ambaye sasa anamfuatilia mjukuu wake, alisogea kumpisha.

"Baba Esta," alimwambia, "umechelewa miaka kumi na tisa. Kaa."

Akakaa.

Unakumbukwa na mumeo Emanueli, wanao Esta na Alen, mama yako Raheli, kaka yako Clemence, na wazazi wote waliokuja wakidhani wameitiwa kosa.

Pumzika kwa amani, mwalimu wetu. Daima tutakuulizia kwa jina.