Kiti cha Mbele

4 Februari

Kwa Kifungo wangu,

Pokea salamu za baba yako. Mimi mzima, ila magoti ndiyo yamegoma. Wewe je, na hiyo kazi ya kufua mashuka ya hospitali?

Usicheke: natengeneza mtumbwi. Ndiyo, mimi, fundi cherehani. Tangu daraja lizolewe na maji sijafika kaburini kwa mama yako, na nyasi zitakuwa zimemfunika. Fundi baiskeli wa jirani kanieleza: unakata plaiwudi vipande, unatoboa matundu pembeni, unavishona kwa waya, kisha unapaka gundi ndani na nje. Nikamwambia, kushona? Umefika kwa mwenyewe!

Basi, nikaharibu ubao mzima. Niliacha vidole viwili vya mshono kila upande, kama vile nakata suruali. Kumbe plaiwudi haikunjiki. Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini.

Viti ni viwili. Mimi nyuma na kafi, wewe mbele. Kipimo chako nimekitoa kwenye daftari, ule ukurasa wa sare yako ya shule. Utakuja lini tumwone mama yako?

Baba yako


27 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, joto la mashine tu. Barua yako nimeisomea kazini, nikacheka hadi msimamizi akanikata jicho. Lakini sare ya shule, Baba! Mwenzio nimenenepa, hicho kiti kitanibana kama kiatu cha kuazima.

Ruhusa ni ngumu. Labda mwezi wa nne. Ukipaka gundi ufungue madirisha, nakijua kifua chako.

Binti yako,
Kifungo


2 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mwezi wa nne umekuja na umekwenda.

Mtumbwi uko tayari, umekula plaiwudi tatu, ukihesabu na ile niliyoiharibu. Kiti chako nimekiongeza vidole vinne. Nilijaribu kuvuka peke yangu, pua ikainuka juu, mtumbwi ukazunguka palepale kisha ukanimwaga. Nimerudi nimelowa chapachapa. Kwa hiyo nimeweka mfuko wa mchanga kwenye kiti chako, na sasa unakwenda vizuri. Nimevuka mara tatu, nimefyeka. Lakini mfuko hauongei.

Tangu siku ile ya kulowa, kikohozi hakinitoki. Na nitasema, maana kwenye karatasi sikuoni uso: hukuja kumzika mama yako. Miaka minne nimenyamaza. Nimechoka.

Baba


19 Mei

Shikamoo Baba,

Kikohozi umekipeleka kwa daktari? Nenda, tafadhali.

Barua hii nimeichana mara tatu. Baba, ruhusa ya mazishi nilipewa, siku saba. Nilizimaliza chumbani kwangu, mlango nimeufunga kwa ndani. Mama alipokuwa mgonjwa aliniita mara mbili, nikamjibu wiki ijayo, wiki ijayo. Ningesimamaje pale kaburini? Hata huo mwezi wa nne nilipewa ruhusa. Nilikata tiketi, nikafika stendi, miguu ikakataa kupanda basi, nikarudi.

Nimekudanganya, Baba. Naona aibu hata kukuomba radhi.

Binti yako


1 Juni

Marahaba, Kifungo.

Nilijua. Wiki ile ya mazishi msimamizi wako alinipigia simu kutoa pole, akauliza kama umefika salama. Nikamwambia umefika, uko jikoni unalia na wenzako. Kwa hiyo tumedanganya wote wawili.

Nguo iliyokosewa hufumuliwa, ikashonwa upya. Mimi sijawahi kutupa kitambaa cha mtu. Daktari kanipa dawa, ila hii naandika nimelala, ndiyo maana mistari imepinda. Njoo tuumwage huu mchanga.

Baba yako


16 Juni, nyumbani

Shikamoo Baba,

Leo hakuna wa kuniitikia.

Barua yako niliipata Alhamisi, Ijumaa nikapanda basi. Safari hii miguu ilikubali. Nimefika, fundi baiskeli ananiambia walikuzika Jumatano. Aliposema "tulimzika" naye akaanza kulia. Walikuvusha kwa mtumbwi wako, umelala katikati ya viti viwili, na haukuingiza hata tone la maji. Amenituma nikwambie kwamba hacheki tena mshono wako.

Daftari lako liko hapa mezani. Kwenye ukurasa wangu umekata namba ya zamani, ukaandika pembeni: kanenepa, alhamdulillahi.

Leo asubuhi nimekaa kiti cha mbele. Kimenitosha sawasawa. Fundi baiskeli alitaka kunivusha, nikakataa, nikachukua kafi mwenyewe. Nilikwenda upande upande, lakini nilifika. Kwa Mama nimefyeka. Kwako nyasi bado hazijaota.

Mchanga sikuumwaga, Baba. Mfuko nimeuhamishia nyuma, kwenye kiti chako, ili pua isizame. Na ni kweli ulivyosema, hauongei.

Kifungo wako