Kamba ya Kisima Nimeifungia

Marafa, Magarini
20 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Kambi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Nairobi, na kile kifua kimepoa? Mamako hajambo, ila jua hili linamchosha. Mimi na magoti yangu tunaendelea, nashukuru Mungu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unasema wewe tu.

Jumanne kisima tunachochimba kilimporomokea mdogo wako Tsuma. Mchanga wetu huu unaujua. Akiwa chini huimba, ili sisi tulioshika kamba tujue anapumua. Wimbo ulikatika katikati. Tulivuta sote, hata mamako, akatoka na mchanga kinywani. Yu mzima. Fundi Mwaringa amesema bila kujengea kuta yeye harudi.

Nawe ukatuma ujumbe: “Waendelee. Iskandari Mkuu hakurudi nyuma.” Tsuma aliusoma akacheka: “Baba, huyo Iskandari na ashuke kesho, mimi nitamteremshia uji.” Lakini jioni nilimkuta akinoa sururu. Tangu babako, kaka yangu, afariki, neno lako kwake ni amri.

Habari za Iskandari, yule mfalme wa kale wa Makedonia, nilikufundisha mimi, kwa hiyo nivumilie kidogo. Alirudi nyuma, Kambi. Kule India walifika kwenye mto, askari wake wamechoka, wakakataa kuvuka. Alinuna hemani siku tatu. Kisha akawakubalia, nao wakalia kwa furaha. Aliyeshinda wafalme wote wale alishindwa na watu wake mwenyewe, na bado tunamwita Mkuu.

Kuna jambo jingine. Askari walipositasita chini ya ukuta wa mji mmoja, alipanda ngazi yeye, akarukia ndani, mshale ukamwingia kifuani. Sisemi ilikuwa busara. Nasema hakuwaagiza akiwa mbali.

Najua umewaahidi wakwe zako kwamba Pasaka watakuta maji. Watakunywa ya madumu, kama sisi.

Kamba nimeifungia chumbani kwangu na ufunguo ninao mfukoni. Ukiitaka, njoo uichukue mwenyewe, na wa kwanza kushuka uwe wewe. Utaimba, sisi tutakuwa juu tukisikiliza.

Msalimie mkeo Caroline. Mamako na dadako Kanze wanakusalimu, na Tsuma pia, ingawa hajui kama nimekuandikia. Mungu akutangulie njiani.

Babako mdogo akupendaye,
Randu