Mtoto Aliyeuzwa Dirishani

Jumanne, tarehe 5 Machi 1996
Hospitalini

Baba, shikamoo.

Unaendeleaje na kifua chako, na kondoo wanaendeleaje? Sisi tumefika salama, hatuumwi zaidi ya tulivyotoka. Utanisamehe mwandiko. Unajua mwenyewe niliishia darasa la nne, na kalamu hii nimeazima kwa nesi.

Safari ilikuwa treni mbili, saa kumi na nne. Ursa alilala mapajani kwa Mama njia nzima. Kila tukipita kwenye mwanga nilikuwa naangalia midomo yake, ilikuwa ya bluu kama amekula zambarau. Watu kwenye behewa nao waliangalia, wakajidai wanatazama nje. Bibi mmoja akampa tufaha.

Hapa daktari ni mwanamke, Daktari Hulea, mfupi, anatembea kama mtu anayewahi mvua. Alimsikiliza Ursa kifuani muda mrefu, wakamweka kwenye mashine, akasema moyo una tundu, na mshipa mmoja ni mwembamba mno. Akisubiri hadi kiangazi hatakuwepo. Alisema hivyo bila kuzungusha maneno. Atampasua Alhamisi ya tarehe 14, ila mzazi atie saini.

Sasa Baba, hapa ndipo shida ilipo. Daktari akamsogezea Mama karatasi. "Mama wa mtoto, weka jina lako hapa."

Mama akasema, "Mimi siye mama yake."

Daktari akatazama karatasi, akamtazama Mama. "Hapa imeandikwa Saveta, binti yako."

"Huyu anaitwa Ursa. Ni wa Todosia."

Wewe ulikuwa mlimani na kondoo mwaka ule, sijui kama Mama aliwahi kukuambia yote. Mimi nilikuwepo. Saveta alikuwa na miaka miwili, ameshazimia mara mbili wiki hiyo, na Mama alishazika ndugu zangu Ana na Petru. Todosia akasimama nje ya dirisha letu, yeye mwenye watoto sita na hata mmoja hajawahi kukohoa. Mama akampitishia mtoto dirishani. Todosia akatoa kofia iliyojaa mahindi, akasema, "Nimemnunua, ni wangu, anaitwa Ursa." Jina la dubu, ugonjwa uje umtafute Saveta usimpate. Kisha akamrudisha kwa kupitia mlangoni, kama mtu anayemwacha mtoto wake alelewe kwa jirani. Tangu siku ile Mama hajawahi kusema "mwanangu" kwa sauti. Nimemsikiliza miaka minne. Hata usingizini hasemi.

Daktari akauliza kama amuite polisi, maana kuna mwanamke kaja na mtoto asiye wake. Ilibidi mimi niseme kitu. Nikaangalia viatu vyangu. Daktari ametoa nafasi hadi Jumatatu. Saini isipopatikana, kitanda anapewa mtoto mwingine, wapo wengi kwenye orodha.

Hata mimi ningesaini, lakini kaka si mzazi. Niambie nifanye nini. Mpe barua Pintea wa kwenye treni, anapita hapa kila baada ya siku mbili, ananitafuta mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Gavril


Alhamisi, tarehe 7 Machi 1996
Nyumbani

Gavril, kijana wangu,

Salamu zako zimefika. Kifua ni kilekile, kinapiga filimbi. Kondoo kumi na mmoja wamezaa, mmoja mapacha, siwezi kutoka hapa hata nusu siku. Mbwa wako anakutafuta chini ya kitanda.

Mwambie mama yako aache upuuzi na asaini. Nimeoa mwanamke mwenye akili, sikuoa kuku. Todosia usinitajie. Tangu aingize ng'ombe wake kwenye majani yangu sisalimiani naye na sitaanza leo. Msomee barua hii, maana kusoma hajui, ila kusikia anasikia.

Nawatumia mahindi ya kuchemsha na kahawa ya daktari. Ursa mpe jibini, mtoto mgonjwa hafungi Kwaresima.

Baba yako


Jumapili, tarehe 10 Machi 1996
Hospitalini

Baba, shikamoo sana.

Natumaini umeamka vizuri na wale mapacha wananyonya. Sisi tupo. Ursa amekuwa rafiki wa wadi nzima, anawauliza watoto wengine mmoja mmoja, "Wewe ulinunuliwa kwa kitu gani?" Wakisema hawakununuliwa anawahurumia.

Baba, Mama amesaini.

Nitakueleza ilivyokuwa, na ukimaliza kusoma naomba ukae kidogo kabla ya kukasirika.

Pintea alinipa barua yako jana. Nikaisoma peke yangu kwanza, kwenye ngazi, kidole kikifuata neno. Nikajua nikimsomea hivi ilivyo, ndiyo basi. Siku zote hizi Daktari Hulea amemfokea. Mwanamke wa ofisini kamfokea. Hata kasisi wa hospitali kamwambia ni ushenzi. Na kila akifokewa anazidi kukaa kimya, mikono mapajani, kama jiwe la mpakani. Ukija wewe na habari za kuku, sijui.

Nikaingia wadini. Mama akasema, "Baba yako anasemaje?" Nikafungua karatasi. Nikaanza kusoma, Baba, na nilichosoma hakikuwepo.

Nilisoma hivi: "Todosia anakusalimu. Anasema mtoto ni wake, alimnunua mchana kweupe, na hakuna anayebisha. Lakini yeye ana ng'ombe na watoto sita, hawezi kupanda treni. Kwa hiyo anakuomba, tafadhali sana, umshikie kalamu. Mkono uwe wako lakini neno ni lake. Ukiandika jina lako hujamdai mtoto, umemtumikia Todosia tu."

Mama akasema, "Hebu soma tena."

Hapo jasho lilinitoka, maana ilibidi yafanane. Nikasoma tena. Nadhani yalifanana, labda kasoro ng'ombe.

Akainuka, akafunga vizuri kitambaa chake kichwani, akaenda hadi kwa daktari, akaandika herufi zile anazojua. Daktari alitaka kuuliza kitu. Mimi nikamwambia, "Daktari, usiulize." Hilo tu. Ni neno langu la kwanza kwake tangu tufike, akashtuka kuliko mimi.

Sasa nina ombi, na hili si dogo. Nenda kwa Todosia. Mwambie aseme maneno hayo kweli, kwa mdomo wake, kabla ya Alhamisi saa mbili asubuhi. Mimi sijui kama naamini mambo ya dirisha. Lakini nimedanganya juu ya moyo wa mtoto, na sitaki kuja kujua siku hiyo kwamba yalikuwa ya kweli.

Najua habari ya majani. Ningekwenda mwenyewe kama ningekuwa karibu, na unajua mimi kumwomba mtu naona bora nibebe ng'ombe mgongoni.

Mwanao anayekuogopa kidogo,
Gavril


Jumanne, tarehe 12 Machi 1996
Nyumbani

Mwanangu Gavril,

Mimi mzima. Nimekaa kama ulivyosema. Nimekaa sana.

Sikujua unaweza kuongea hivyo. Hapa nyumbani unamaliza siku tatu kwa maneno manne, mawili kati ya hayo unamwambia mbwa.

Nimekwenda. Jana, baada ya kukamua. Nilivaa kofia ya Jumapili, kisha nikaona anaweza kucheka, nikavaa ya kila siku. Todosia alikuwa uani anafua. Aliponiona getini akasema, "Leo jua limetokea upande gani?"

Nikasema, "Todosia, nimekuja kukuomba."

"Omba basi. Sikio la upande huu ndilo linalosikia. Miaka miwili hata kanisani unanipita kama nguzo."

"Ng'ombe wako alikula majani yangu."

"Na amenenepa. Hilo ndilo ombi?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimejipanga nieleze kiume, maneno machache. Lakini nilipofika pale pa midomo ya bluu sauti ilinikatika, nikasimama tu nimeshika mlango wa geti. Todosia akaacha nguo kwenye beseni. Hakunicheka. Akafuta mikono, akasema, "Twende kwenye dirisha lenu. Haya mambo hayasemwi mahali popote tu."

Tukatembea barabara nzima pamoja, watu wanachungulia. Akasimama palepale aliposimama mwaka ule, kwenye tope, akaniambia niingie ndani nifungue dirisha. Nikafungua. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa mwashi: "Mimi Todosia ninamtuma yule mwanamke aniandikie jina, kwa ajili ya mtoto wangu Ursa, na wampasue salama, nimekubali."

Kisha akaniambia, "Na akirudi analetwa kwangu kwanza, kabla ya kwenu. Mtoto wangu simwoni kwa kuazima." Akaenda zake. Hilo neno lako la tafadhali hakulisema, nisikudanganye.

Ulichomsomea mama yako sasa ni kweli. Kilichelewa siku mbili tu, na barua ni kawaida yake kuchelewa.

Kuna jambo lingine. Nilikuandikia kwamba siwezi kutoka kwa sababu ya kondoo. Mwana wa mwashi alikuwa radhi kunishikia tangu siku ya kwanza. Nilizika wawili na sikutaka kuwa pale. Hilo usimsomee mama yako.

Baba yako


Jumanne, tarehe 19 Machi 1996
Nyumbani

Gavril,

Alhamisi imepita. Ijumaa Pintea alipita mikono mitupu, Jumapili mikono mitupu, leo hivyohivyo. Namuuliza kwa mbali kabla treni haijasimama. Sasa hashuki, anatikisa kichwa akiwa juu.

Todosia amekuja mara mbili kuuliza. Hatusemi mengi. Tunakaa.

Andika hata kama ni baya. Jumapili napanda treni, nimeshaongea na mwana wa mwashi.

Baba


Jumatano, tarehe 20 Machi 1996
Hospitalini

Baba,

Yu hai. Nimeanza na hilo, shikamoo na salamu za kondoo zitafuata.

Nisamehe ukimya. Nilitaka kupiga telegramu, lakini telegramu inataka neno moja la uhakika na sikuwa nalo. Niliandika barua mbili nikazichana. Walimpasua saa sita nzima. Tundu limezibwa, mshipa wameupanua. Lakini hakuamka siku ile, wala Ijumaa, wala Jumamosi. Alikuwa kwenye mashine, mabomba kila mahali, ametulia, mdogo kuliko nilivyomzoea. Mama alisimama kwenye kioo cha korido. Kula hakula. Mimi nilisimama nyuma yake. Sikuwaza kitu kingine ila maneno yangu yale, nikiyapima moja moja.

Jumapili mchana akafumbua macho. Nesi Zamfira akamwinamia, "Saveta! Saveta, unanisikia?"

Akasema, sauti kama ya paka, "Saveta hayupo. Mimi Ursa. Nina kiu."

Nesi alicheka huku analia. Kisha homa ikaja siku mbili, ndiyo maana bado sikuandika. Jana imekatika. Midomo yake, Baba, ina rangi ya midomo. Nilikuwa sijui kwamba ana midomo mizuri.

Sasa la Mama. Barua yako ya tarehe 12 niliificha, maana ukiisoma yote inajulikana kwamba nilidanganya. Leo asubuhi anamchana Ursa nywele akasema, bila kunigeukia, "Todosia hajasema tafadhali tangu abatizwe."

Nikaangalia viatu vyangu. Ndiyo kazi ninayoijua.

"Nilijua pale pale," akasema. "Mara ya pili ng'ombe hakuwepo."

Nikamuuliza, sasa mbona ulisaini.

Akachana kidogo tena. "Wote walitaka niache kuogopa. Wewe ulikuwa unaogopa vilevile kama mimi, jasho linakutoka, na bado unasoma. Nikaona basi, inawezekana."

Ndipo nikaitoa barua yako, nikamsomea ya getini na ya dirishani. Nilimwambia sasa hivi nasoma kilichoandikwa. Alisikiliza mpaka Todosia alipoondoka. Kisha akauliza kitu kimoja tu, "Baba yako alikwenda kwa Todosia? Kwa miguu yake mwenyewe?" Nikasema ndiyo, na kofia ya kila siku. Akafunika uso kwa kitambaa, kitana bado mkononi, mabega yanatikisika, na mpaka sasa sijui kama alikuwa anacheka. Ile sehemu ya mwisho sikumsomea, kama ulivyoagiza. Lakini alinyoosha mkono akaichukua karatasi, akaikunja, akaiweka kifuani. Kusoma hajui, ila sidhani kama hajui kilichomo.

Ukitaka kupanda treni Jumapili, panda. Daktari anasema siku kumi zaidi, na Ursa anakuulizia. Kahawa yako daktari amekataa, tumekunywa na Nesi Zamfira. Daktari mletee tu jibini, hilo nimeona analitazama.

Mama yuko hapa pembeni, anasema ana neno la kuongeza, niandike kama anavyolisema. Anasema hivi: "Mwambie baba yake kwamba binti yetu leo ametembea kutoka kitandani hadi mlangoni, hakushikwa na mtu."

Nimesimamisha kalamu nikamtazama. Nimemuuliza, niandike binti yetu?

Amesema, "Kwani umesahau kuandika?"

Mwanao,
Gavril