Kumwagia Uwanja Sawasawa

Jumatatu, 12 Julai
Makopo matupu ya nyanya yamepangwa tena kwenye uwanja wa shule, safu kwa safu. Vinyunyizi vikafunguliwa, vikafungwa, nikapima maji kwa rula. Katikati, nusu kopo. Kona ya askari, karibu na hema zao, makopo yamelowa tu. Majani huko yamekufa. Patient, fundi wa pampu, anasema ni upepo wa ziwa. Uongo. Presha haifiki, na mabomba aliyaunganisha yeye. Tumegombana mbele ya wanafunzi. Simpendi. Mdomo wake ni mrefu kuliko mabomba yake.

Jumanne, 13 Julai
Patient amebadilisha bomba moja. Jioni akaenda kujigamba kwa askari. Nilikuwa nyuma yake. "Kesho asubuhi tutamwagia uwanja yote sawasawa. Hata ninyi wa kona, hakuna atabakia mukavu."
Akacheka peke yake. Wale si watu wa hapa. Kiswahili chao ni cha kambini, na kambini kinachomwagwa ni risasi. Nikamvuta shati. Akasema nina wivu.

Jumatano, 14 Julai
Wamemchukua alfajiri. Makopo yangu yamepigwa mateke. Eti ni alama za kulengea mabomu. Mke wake amekuja kulia mlangoni kwangu, ananiita shemeji. Kwa nini mimi? Mjinga yule atauawa kwa mdomo wake, na mwenye makopo ni mimi. Prefe, mkuu wa shule, anasema tusubiri. Wanaosubiriwa huko hawarudi. Nimefikiria kuvukia Bujumbura. Sikwenda. Hasira tupu.

Alhamisi, 15 Julai
Nimekwenda kwa kamanda na kopo na rula. Akaniketisha chini, juani.
"Weye unataka kumwagia nani?"
"Majani, chef. Njoo uone."
Nikapanga makopo, bunduki zao zikinielekea mgongoni. Nikawasha pampu. Vinyunyizi vikazunguka, askari wawili wakalala chini. Hakuna aliyethubutu kucheka. Kamanda akapita kopo kwa kopo mpaka kona yao, walikopanda lengalenga, mchicha wao, nyuma ya hema. Akachungulia.
"Pande yetu iko maji kidogo. Juu ya nini?"
Nikamwambia presha haifiki, na anayejua mabomba yale ni mmoja tu. Ndiye waliyemfunga. Nilichukia kwamba ni kweli. Kamanda akachungulia kopo tena. Akaniambia niondoke.

Ijumaa, 16 Julai
Patient yuko kazini. Walimwachilia jana magharibi. Uso umevimba, jicho moja halifunguki. Tumefukua bomba la kona. Vidole vyake havishiki spana, nimeishika mimi. Hajanishukuru. Bado simpendi.
Maji yamefika. Lengalenga ya askari imelowa vizuri.
Asubuhi nzima amesema maneno matatu. Geuza. Tena. Basi.