Bibi Harusi Aliyeonekana Hajapakwa

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 16, mchana, mtoto amelala.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla ya yote nakujulia hali, wewe na huo mgongo wako, pamoja na yule Mkorea mnayekaa naye chumba kimoja. Baridi imepungua, au bado mnalala na soksi? Sisi huku wazima. Mama kifua kimeachia, siku hizi anapanda ngazi bila kusimama katikati. Baba Kibogoyo yuko na mageti yake ya kuchomelea, macho mekundu kama kawaida, lakini hajambo. Kibogoyo mwenyewe, mjukuu wako uliyembatiza jina hilo kwa kumwona kwenye simu tu, itabidi umtafutie jina lingine. Ameota meno, moja limekaa upande kama mlango wa choo chetu, na ameanza kuning'ata.

Ulitaka nikuandikie kwenye karatasi kwa sababu simu hukatika kila tukifika patamu, na barua unaweza kuirudia ukiwa mapumzikoni. Basi nimekaa kitako. Mwandiko wangu unaujua, usinicheke.

Mzigo ulifika salama. Kile kikopo cha poda ya majimaji chenye sponji, rangi ya midomo, krimu ya jua, vyote. Wifi yangu mshona nguo alikifungua kikopo, akakinusa, akasema kinanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Lakini kilichonifaa zaidi ni ile video uliyomrekodi mwenzako wa chumba akijipaka kabla ya kwenda kazini. Simwelewi hata neno moja, kwa hiyo nilizima sauti nikawa natazama vidole. Shangazi, yule hapaki. Anapigapiga. Anaweka maji maji kwanza, anasubiri ngozi inywe, ndipo anaweka rangi kidogo mno, halafu anaipigapiga kwa ncha za vidole mpaka inapotea. Nilikuwa nimempakata Kibogoyo, nampigapiga mgongoni alale, nikaona mkono wangu na wa yule dada kwenye simu inakwenda pamoja. Nikasema moyoni, hii kazi ninayo tayari.

Basi nikaazima uso wa wifi. Nilifuata kila kitu kama nilivyoona, na ile poda ya kwenye kikopo nikaipaka uso mzima. Nikajisifu. Yeye bila kujitazama akaenda dukani kununua uzi, na muuza duka akamuuliza, "Wifi, leo umeshinda mashineni unasaga unga?" Alirudi hapa kama moto. Uso mweupe wa majivu, shingo yake mwenyewe nyeusi tii. Tulicheka mpaka mama akatoka chumbani kuuliza nani kafa.

Kosa langu lilikuwa hili: nilichukua rangi ya yule dada wakati nilitakiwa kuchukua mkono wake tu. Poda yake imetengenezwa kwa ngozi yake. Siku ya pili, saluni ninakofanya kazi, nikachukua fandesheni yetu, ya rangi ya watu wa huku, ambayo ni nzito kama uji wa mgonjwa. Nikaidondoshea losheni nyuma ya kiganja, nikakoroga kwa kidole mpaka ikawa nyepesi, nikampigapigia wifi. Na mashavuni nikaacha ile pinki ya yule dada, nikaweka rangi ya damu ya mzee, juu kabisa karibu na macho, kidogo tu. Akajitazama muda mrefu. Akasema, "Mbona nimekuwa kama nimelala vizuri?" Na unamjua wifi, mashine yake haimpi usingizi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unakumbuka nilikwambia pale saluni mimi ni wa kuosha vichwa. Zile dawa za nywele zimenipasua mikono mpaka nikimshika Kibogoyo usoni anakunja sura. Mwezi huu dada aliyekuwa akipamba maharusi alihama, kiti chake cha dirishani kikabaki wazi. Nikamwomba Madam mwenye saluni. Akaniangalia toka juu hadi chini, akasema, "Jumamosi kuna bibi harusi. Wakiondoka wameridhika, kiti chako. Wakilalamika, unarudi kwenye sinki na sitaki kusikia tena habari za Wakorea." Na tayari alikuwa ameshampigia simu msichana wa saluni nyingine aje kukiangalia hicho kiti.

Bibi harusi mwenyewe ni muuguzi wa wodi ya watoto, mpole. Ijumaa alinionyesha picha ya siku aliyovishwa pete, nyusi zimechorwa kama kwa mkaa, midomo imemeta. Akaniambia, "Siku ile watoto wa dada yangu walinikimbia. Mimi kesho nataka nifanane na mimi." Nikamwambia amefika.

Jumamosi nikamkalisha dirishani. Nikamlainisha ngozi, nikasubiri. Mikono yangu nilikuwa nimeipaka mafuta usiku kucha na kuivalisha soksi, nisimkwaruze. Nikampigapigia rangi ileile nyembamba. Nyusi nilijaza tu palipokuwa wazi, sikuzichonga. Midomo niliweka rangi katikati, nikaisambaza kwa kidole kuelekea pembeni, ikawa kama mtu aliyetoka kula tunda. Poda kidogo pembeni mwa pua, kwingine nikaacha ngozi ing'ae yenyewe. Kale kadoa keusi alikozaliwa nako karibu na jicho sikukafunika. Katikati ya kazi nikamsikia anahema polepole. Amesinzia, Shangazi, siku ya harusi yake.

Ndipo akaingia mama yake mkubwa, yeye ndiye aliyegharamia mapambo. Mwanamke wa kujaa mlango. Akamtazama bibi harusi, akanitazama mimi, akauliza, "Hee, bado hujaanza?"

Nikamwambia, "Nimemaliza, mama."

"Umemaliza nini? Huyu si ndivyo alivyoamka asubuhi? Madam, njoo uone. Mimi nimelipia mtu apambwe, sikulipia mtu anawishwe uso."

Madam akaja. Macho yake yalikwenda kwenye sinki, halafu kwangu. Bibi harusi naye kashtuka usingizini, anasema, "Mama mkubwa, mimi napenda hivi hivi," lakini mama mkubwa hasikii. Akachomoa tishu kwenye mkoba. "Ngoja tuone kama kuna kitu hapa," akamfuta shavu la kushoto, akakandamiza hasa, kama anafuta meza. Halafu akaigeuza tishu juani aione.

Ilikuwa na rangi kidogo tu. Akaanza kufungua mdomo. Kisha akamtazama bibi harusi, akaufunga.

Maana sasa yalikuwa mashavu mawili tofauti. La kulia lilikuwa limeamka, limejaa, kama mtu aliyepewa habari njema. La kushoto lilikuwa shavu la muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Mama mkubwa akasogea upande huu, akasogea upande ule. Akamshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Rudisha," akaniambia taratibu. "Lirudishe kama lilivyokuwa."

Nikalirudisha, yeye amesimama begani kwangu anatazama vidole, pumzi yake sikioni. Nilipomaliza akavuta kigoda. "Na mimi je? Uso wa kizee unapigwapigwa?" Nikamwambia ndio unaopendeza zaidi. Akaivua miwani, akafumba macho. Nikampigapiga polepole, na kabla sijafika kwenye paji la uso akaanza kukoroma. Gari la harusi likapiga honi nje. Nikataka kumwamsha, Madam akanizuia kwa mkono, akaninong'oneza, "Mwache kidogo. Huyu kahangaika na harusi hii toka mwaka jana." Ni yeye Madam mwenyewe aliyetoka nje kumtuliza dereva.

Yule msichana wa saluni nyingine hakuja tena, nadhani Madam alimwambia asije. Jana kabla ya kufunga alilitoa aproni langu kwenye msumari wa sinki, akalitundika nyuma ya kiti cha dirishani. Nilipofika nyumbani nilimshika Kibogoyo mashavu yote mawili. Mikono bado inakwaruza, akakunja sura kama kawaida yake. Nikamwambia avumilie kidogo, itapona.

Mwambie mwenzako nimemshukuru sana, ingawa hatuelewani lugha. Na kile kikopo cha poda usisikitike, hakikupotea. Nimempa Mama, katupa poda iliyobaki, sasa anawekea vifungo.

Shangazi, ile picha uliyotuma mwisho nimeitazama sana. Umechoka chini ya macho. Wewe ndiye uliyekuwa ukinipigapiga mimi nilale wakati mama yuko zamu, nami nakumbuka mkono wako ulivyokuwa mzito na wa moto. Ukija likizo, usiku wa kwanza lala, wa pili hadithi, na asubuhi yake nakupeleka saluni. Wewe utakaa, mimi nitasimama. Ukikoroma nitamwambia dereva asubiri.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Wifi anakusalimu, anasema vipimo vyako vya gauni bado anavyo kama hujanenepa. Baba Kibogoyo anakusalimu pia. Kibogoyo ameamka, ameishika kalamu, huo mstari wa pembeni ni salamu zake.

Mungu akulinde njiani uendapo kazini na urudipo, akupe joto kwenye nyumba hiyo.

Ni mimi mwanao akupendaye, wa kiti cha dirishani,
Mama Kibogoyo