Taa ya Moteri Imewaka Tena, na Mama Iko Sandoa

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, ile ya kugeuza vumbi nyekundu yote ya mutaa wetu wa Manika kuwa matope. Leo nilipaswa kuwa njiani. Niko nyumbani, na roho inaniuma.

Mama yangu iko mugonjwa sana kule Sandoa. Yaya Béatrice, dada yangu mukubwa mwenye kumulinda, alipiga simu mwanzo wa wiki: "Kuya mbio. Anakuita jina, anauliza uko wapi." Tangu siku ile chakula hakinipiti.

Mi nilifikiri ni kuamua tu na kwenda. Tuko na motokari, jipu ndogo. Bwana wangu anaendesha kamio kubwa ya kubeba mawe ku mine, kule mugodini, wiki hii iko kule kambini, lakini mi mwenyewe naendesha na njia naijua. Nikafunga mizigo, nikawasha. Moteri ikatetemeka, ikazimika. Mbele yangu taa ya rangi ya machungwa ikawaka.

Tata Ilunga, muzee mekanisien wetu, fundi wa motokari, akachomeka kamashini kake ka kusoma makosa. Kakatoa kode: P0011. Akanieleza pole pole. Ndani ya moteri kuna shafti ya kufungua vali, na mafuta ya moteri njo inaigeuza ili ifungue mapema ao ichelewe, kulingana na mwendo. Yetu inafungua mapema kila wakati, haitaki kurudi. Mi naitikia tu "ndiyo, tata", na kichwa kiko Sandoa.

Kisha akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akasugua mafuta kwa vidole. "Mama, nani alitia mafuta hii?"

Bwana wangu.

Kwa upendo, jamani! Kwa batu ba mine, kuheshimu moteri ni kuitilia mafuta nzito, ile ya kamio zenye gurudumu kupita mutu kwa urefu. Alinunua bidoni nzima ya mafuta ile sokoni, akaimimina mwenyewe akipiga muluzi, akaniambia sasa jipu yako itakuwa na nguvu ya kamio. Na mi nilifurahi sana. Kumbe moteri yetu ndogo iko na njia ndogo ndogo za mafuta, inataka nyepesi. Ile nzito inapita kwa shida, uchafu unaganda. Sijamwambia bado. Nitamukasirikia vipi mutu aliyetaka kunifurahisha?

Jana Tata Ilunga alitoa vali ndogo ya umeme yenye kuongoza ile mafuta. Kichujio chake kilikuwa cheusi tii. Akakiosha na petroli, akagusisha vali kwa batri, ikalia tik. Iko nzima! Akabadilisha mafuta, akafuta kode, taa ikazima. Nilimukumbatia muzee wa batu mbele ya bateja wake.

Na nafasi yangu kwenye kamio ya abiria ya Sandoa, ile niliyokuwa nimeishikilia kama jipu ingekataa, nikamuachia mama mumoja wa kwenda Kapanga, mbele ya Sandoa, na mutoto mugongoni. Nikamwambia, panda tu, mi niko na motokari yangu.

Kumbe tulikuwa tumefuta kode tu. Ugonjwa wenyewe ulibaki ndani.

Leo asubuhi kamio ikaondoka. Mi nikatoka nyuma yake, na sijamaliza hata muji, kwenye kilima moteri ikakosa nguvu, taa ikawaka. P0011, ile ile. Bijana ba taxi-moto, zile pikipiki za kubeba batu, bakanisukuma kunirudisha, bakicheka: "Mama, nunua pikipiki!" Nikacheka nao, machozi yanashuka.

Tata Ilunga anasema sasa labda gia ya mbele ya shafti njo imekwama, ao munyororo umelegea. Hawezi kujua bila kufungua moteri, na gia yenyewe ni ya kuagiza Lubumbashi. "Ukienda hivi itakuachia mu pori, na mvua hii." Alisema bila kuniangalia. Anajilaumu, naona. Kamio ingine haiko, njia imeharibika, hakuna mwenye kunitajia siku.

Niko muzima, mikono iko, miguu iko, na siwezi kitu. Siwezi kabisa.

Jioni nikapigia Yaya, akaweka simu kwa sikio ya Mama. Maneno yote niliyopanga yakapotea. Nikaanza kumueleza vali, mafuta, shafti, sawa vile yeye njo mekanisien. Nikaongea, nikaongea, kwa sababu niliogopa kunyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, anapumua kwa shida. Halafu akauliza, sauti ndogo sana:

"Sasa umefika wapi, mwana yangu?"

Nikasema, "Niko karibu, Mama."

Akasema basi, ataningojea.

Kesho akiniuliza tena, nitamujibu niko wapi?